Ladha Iliyobaki Ilikuwa Uchungu

Watu wakisimama mbele ya kibanda changu hapa Kabuku na kunitazama sana kuliko kawaida, najua wanataka kuuliza. Wengine ni wateja wa zamani waliosikia kwamba nimekufa. Wengine wana mgonjwa nyumbani. Swali lao huwa moja, nilivumiliaje, nami sikumbuki kuvumilia. Nakumbuka nilichokula, nilichosuka na nilichopanda. Nitaeleza hayo. Habari za dawa atazieleza daktari.

Mimi ni mama lishe. Asubuhi napika supu na chapati, mchana wali, maharage ya nazi na samaki, na wateja wangu wengi ni madereva wa malori wanaoteremka kuelekea Chalinze. Mume wangu, Hamza, ni fundi pikipiki, na banda lake liko nyuma ya langu. Yeye ni Mzigua wa huku huku Handeni. Mimi ni Msambaa, nimezaliwa Kerenge. Binti yetu wa pekee, Zuhura, ameolewa Tanga mjini, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili.

Uvimbe niliukuta nikijipaka mafuta baada ya kuoga. Ulikuwa kwenye titi la kushoto, mgumu kama kokwa ya zambarau, na haukuuma. Kwa kuwa haukuuma nilimaliza palizi kwanza. Mahindi yalipoanza kukauka shambani, ngozi juu yake ilikuwa imevutwa kwa ndani, kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Nikamwambia Hamza. Alikuwa ameshika spana. Aliiweka chini, akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka viwikoni, akasema, "Kesho tunakwenda Korogwe."

Pale hospitali kulikuwa na benchi refu ukutani. Mtu mmoja akiingia ndani, wote mnasogea. Ukikalia ubao wenye joto unajua aliyekuwa mbele yako ndiyo kwanza amesogea. Nilisogea hivyo asubuhi nzima, na tuliporudi baadaye nilisogea tena, na mara ya tatu pia. Walikata kipande kidogo cha uvimbe, wakakipeleka mbali kupimwa, na tukaambiwa tusubiri. Katika kusubiri niliendelea kupika. Sidhani kama nimewahi kupika vizuri kuliko majuma yale.

Daktari aliyetupa majibu alikuwa kijana, na alisema taratibu akinitazama mimi, hakumtazama Hamza.

"Mama, ni saratani. Ina matibabu, lakini matibabu yake hayapo hapa. Nitawaandikia mwende Dar es Salaam."

Hamza ndiye aliyeuliza, na swali lake lilinishangaza. "Daktari, kuna chakula asichotakiwa kula?"

"Ale chochote, mradi aweze."

Maneno hayo mawili ya mwisho hatukuyatilia maanani.

Dripu ya kwanza ya dawa ya saratani niliwekewa mvua za vuli zikianza. Chumba cha kusubiri kule Dar es Salaam kilikuwa kikubwa, kina feni na televisheni isiyo na sauti. Wanawake wengi walikuwa wamejifunga vitambaa vichwani kwa namna ile ile, na mimi mwenye nywele nilijiona kama niliyekosea njia. Aliyeketi pembeni yangu alinisalimia kwa Kishambaa. Alijuaje, sijui, nadhani alisikia lafudhi yangu nilipoagana na Hamza mlangoni. Aliitwa Mama Elia, mkulima kutoka Mpale kule milimani, Mkristo, mtu wa makamo, na yeye alikuwa amekwisha kuzoea.

"Umebeba nini cha kutafuna?" aliniuliza.

"Sijabeba kitu."

Alifungua pindo la kanga yake. Ndani yake mlikuwa na iliki, changa na za kijani, za shambani kwake. Akanipa kiganja kizima. "Kichefuchefu kikianza, pasua moja, weka punje chini ya ulimi. Usitafune haraka. Iache ikae tu."

Nilikaa na punje ile chini ya ulimi wakati dawa inaingia. Nje kulikuwa na joto na foleni ya magari, lakini mdomoni mwangu kulikuwa na baridi ya milimani. Ukienda kule, beba kitu chenye harufu ya kwenu. Hilo ndilo shauri la kwanza nililo nalo, na nililipata kwa Mama Elia.

Yaliyofuata mwilini yalikuja kwa zamu. Nywele zilitoka zikiwa zimeshikana kama nyasi za kiota, nikazikuta kwenye mto. Kucha zikawa nyeusi. Vidole vikafa ganzi, nikawa siwezi kujua kama nimeshika kijiti cha kibiriti au nimekidondosha. Lakini lililonimaliza ni ulimi. Baada ya dripu ya pili kila kitu kilikuwa na ladha ya chuma. Wali ulikuwa kama mchanga wa mto, chai kama maji yaliyochemshiwa misumari. Nilionja maharage nikatia chumvi, nikaonja tena nikaongeza. Dereva mmoja tuliyezoeana, mtu mpole, alikula matonge mawili, akasukuma sahani.

"Dada, leo umeyavua baharini?"

Wengine walipunguza tu kuja. Walikuwa wameona kitambaa kichwani na kucha zangu, na mtu ana haki ya kuchagua mikono itakayompikia. Nilifunga kibanda. Mpishi asiyejua chumvi hana kazi.

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipokuja kutoka kijijini. Lazima niseme hatukuwa tukipendana. Hamza aliponioa alikuwa amekwisha kutafutiwa msichana wa kwao, na tangu hapo mimi na mama yake tulisalimiana vizuri, basi. Alishuka kwenye gari na kapu la unga wa muhogo na mafungu ya ukindu, yale majani ya kusukia mikeka. Nikampa shikamoo. Akaniitikia, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akapitiliza jikoni akainua mifuniko ya sufuria moja moja. Zote zilikuwa tupu.

Siku za mwanzo alinipikia bada, ugali wa muhogo, nikashindwa. Akanipikia kuku, nikatapika kwa harufu yake. Hakunibembeleza. Aliondoka kwenda kwenye shamba la jirani akarudi na majani ya mchunga, magugu yale ambayo mvua ikinyesha tu yanajaa katikati ya mahindi. Aliyachemsha mara moja, akayatia tui, hakumwaga maji yake yote kama ninavyofanya mimi ili kupunguza makali.

Nilitia kidogo mdomoni. Yalikuwa machungu. Ulikuwa uchungu halisi wa mchunga, wala haukuwa wa chuma. Kati ya ladha zote ulimi wangu ulikuwa umebakiza hiyo moja, nayo ilikuja kama ilivyo, haikudanganya.

"Mama, naisikia," nilisema.

"Unasikia nini?"

"Mboga. Naisikia mboga."

Akanisogezea bakuli, akageuka kuchochea moto. Nilikula yote. Tangu siku hiyo alikwenda kuchuma kila asubuhi, na mimi niliamka nikiwa na kitu cha kungoja. Waliosema mgonjwa wa saratani asile hiki na kile walikuwa wengi. Nilikula kilichokubali kuingia.

Mchana alikaa kivulini mwa nyumba akisuka ukindu. Mimi pia ni msukaji, nimejifunza kwa mama yangu Kerenge, lakini kwa ganzi ya vidole nilibaki kutazama. Mikono yake ilikwenda bila yeye kuitazama, ukili, ule ukanda unaosukwa kabla ya kushonwa mkeka, unashuka mapajani kama utepe. Nilitazama siku kadhaa kabla ya kugundua kwamba hakuna rangi hata moja. Kili zote zilikuwa nyeupe tupu. Mkeka wa kukalia huwa na zambarau, na kijani, na nyekundu. Nilijua mkeka usio na rangi husukwa kwa kazi gani kwao.

"Mama," nilimwuliza, "mkeka huu ni wa nani?"

Hakuacha kusuka. "Wa nyumbani."

"Wa nyumbani mbona haujatiwa rangi?"

Aliunyoosha mguu mmoja, akaukunja mwingine. "Nilianza kuusuka nilipoletewa habari kwamba huli," alisema. "Mtu akiacha kula, watu wazima wanajiandaa. Sikutaka ukifa ulazwe kwenye mkeka wa kuazima."

Sikukasirika, na hata sasa nikikumbuka sikasiriki. Kwa miezi ile kila aliyekuja kunijulia hali aliniambia nimenenepa, nami nilikuwa najifunga kanga mara mbili ili isidondoke. Huyu alikuwa wa kwanza kunijibu nilichouliza.

"Umebakiza kiasi gani?"

"Karibu nusu."

"Basi nusu hiyo itie rangi."

"Mkeka wa namna hii hautiwi rangi, mwanangu."

"Ndiyo maana nataka utie."

Mama mkwe aliweka kazi chini akamwita Hamza, akamwambia akinunua vipuri mjini alete rangi ya ukindu, zambarau na kijani. "Na nyekundu," nikaongeza. Tulichemsha ukindu kwenye sufuria yangu ya supu, ile kubwa iliyokuwa imekaa bila kazi.

Kuanzia hapo tulikuwa na jambo la kubishania, na nyumba yenye mgonjwa inahitaji jambo la kubishania ambalo siyo ugonjwa. Yeye alitaka milia iliyonyooka. Mimi nilitaka ile nakshi ya Kerenge ambayo kijani kinaingia ndani ya zambarau na kutokea upande wa pili. Kwa kuwa sikuweza kusuka, niliichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Mkaa ulinidondoka mara nyingi. Nilichora, nikafuta kwa maji, nikachora upya, na yeye akisuka aliinua macho kutazama ukutani. Mara nyingine alisema haiwezekani. Kesho yake nilikuta amekwisha kuiweza. Tuliushona tukaukalia sote, nusu nyeupe, nusu yenye rangi, tukala juu yake. Wageni waliuliza kwa nini mkeka hauna mpangilio. Mama mkwe alijibu kwamba rangi iliadimika.

Nisifiche, si kila kitu kilikwenda hivyo. Baada ya dripu ya nne nilisema siendi tena. Vidonda vya mdomo vilikuwa vimefika kooni, na Hamza alikuwa amehamia kulala bandani kwake. Alisema analinda pikipiki za watu. Mama yake aliniunga mkono: "Mwacheni apumzike, mwili ni wake." Nilimfuata Hamza bandani polepole nikakaa juu ya tairi.

"Unalala huku kwa ajili ya wezi au kwa ajili yangu?"

Alikuwa amefungua injini, ameitandaza kwenye gunia. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Ukikohoa nashtuka. Nikishtuka silali. Nisipolala nafunga nati vibaya. Juzi nusura gurudumu la mtu lichomoke njiani."

"Ndiyo hilo tu?"

Alifuta kifaa kimoja kwa kitambaa mpaka kikang'aa. "Naogopa kuamka nikukute umekufa ubavuni kwangu. Kama ni hivyo afadhali niambiwe na mtu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika ugonjwa wote huo kuzungumza kama mke na mume. Nikamwambia, "Nitakwenda, lakini usibaki tena kule getini kama ulivyofanya mara zote. Uingie chumbani ukae na mimi mpaka dripu iishe. Na urudi kulala ndani."

Safari ya dripu ya tano aliingia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akiutazama mrija kama anavyotazama petroli ikipita kwenye kabureta. Baada ya muda alimwita nesi. "Sista, hii inapita taratibu mno. Hakuna uchafu humu?" Nesi akacheka, akamwonyesha gurudumu dogo linalopunguza na kuongeza matone. Aliporidhika nalo alitulia. Dripu zilizobaki aliniambia kila mara imefika wapi, na nilipumzika kwa sababu kulikuwa na mtu anayeangalia.

Mama Elia hakuwepo siku ile. Tulikuwa tunapangiwa siku moja, na kiti nilichomwekea kilichukuliwa na mtu mwingine. Nilipofika Kabuku nilimpigia simu. Alipokea mwanawe.

"Shikamoo mama. Mama yetu tumemzika wiki iliyopita, huku huku Mpale."

Nilimpa pole akanishukuru. Tukaagana. Nilikuwa nimebakiza iliki kidogo. Punje chache nilizifukia kwenye kopo lenye udongo, hazikuota. Kabuku kuna joto na iliki inataka ukungu. Zilizosalia nilizisaga nikazitia kwenye chai ya watu waliokuja kunitazama. Walisifu chai.

Kiangazi kilipokaza, mchunga ulikauka mashambani, nami nilikuwa naishi kwa mboga hiyo. Nikaenda kuchimbua mizizi iliyokuwa bado na unyevu nikaipanda nyuma ya bafu, maji ya kuoga yanapotokea. Mama mkwe alisimama akinitazama nimeinama na kisu.

"Unapanda magugu?"

"Ndiyo, mama."

"Maisha yangu yote nimeyang'oa haya." Akachukua ndoo akaenda kuongeza maji.

Yalichipua. Sitaki kukuza jambo. Ni magugu, yangechipua popote. Lakini kila asubuhi, kabla sijajua siku hiyo mwili wangu utakuwaje, nilikwenda kuyaangalia. Jani jipya linatoka limejikunja, siku ya pili limefunguka, siku ya tatu linaliwa. Daktari alikuwa akinieleza mambo ya miezi na miaka. Siku tatu ndizo nilizoweza kuzielewa.

Titi waliliondoa masika yakikaribia. Sikulia lilipoondoka. Nililia baada ya kuondolewa mirija ya kidonda, nilipovaa gauni langu la kupikia na upande mmoja ukalala bapa. Mama mkwe alishona mfuko mdogo akaujaza sufi. Ulikuwa laini ajabu, lakini sufi ni nyepesi; nikiinua mkono mfuko unapanda hadi begani. Akaongeza chooko, yaani choroko kavu, ili upate uzito. Ulikaa vizuri kabisa kwa majuma kadhaa, mpaka siku moja nikiwa msibani, nimeketi kati ya wanawake, nikaona mdudu mdogo anatembea kwenye shingo ya gauni langu. Halafu wa pili. Chooko ilikuwa imebunguliwa. Niliporudi nikamweleza mama mkwe, akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka nikishika kovu kwa mkono kwa sababu lilikuwa bado linauma. Sasa natumia kokoto ndogo za mtoni zilizooshwa. Ni shauri la pili: kokoto hazibunguliwi.

Baadaye kulikuwa na mionzi. Nilikaa Dar es Salaam muda mrefu, ngozi ya kifua ikawa nyeusi na kumenyuka kama ganda la kitunguu. Sina mengi ya kusema juu yake. Kuta za chumba kile zilikuwa nyeupe, na nikiwa nimelala peke yangu chini ya mashine nilichora nakshi kwa akili, mlia baada ya mlia. Niliporudi Kabuku watu walikuwa wanavuna.

Ladha haikurudi siku moja. Ndimu ilitangulia, halafu vitu vya kukaanga, halafu sukari. Chumvi ilichelewa kuliko zote. Nilipofungua kibanda tena mama mkwe alikaa nami, mimi naunga mchuzi, yeye anaonja na kuinua kidole: kimoja bado, viwili tosha. Wateja waliona ni mchezo. Siku moja alikuwa ameinama anapepeta mchele, nikaonja mwenyewe kwa kijiko, nikaongeza kidogo, nikapakua. Yule dereva mpole alikula akamaliza akaomba nyongeza. Mama mkwe akanigeukia.

"Nani kaonja?"

"Mimi."

Akaendelea kupepeta. Wiki iliyofuata alifunga mizigo yake akarudi kijijini, akasema shamba lake limekaa bila mtu. Nilimsindikiza hadi kituoni. Akaniambia nisiache kwenda kuangaliwa hospitali, na nisitie nazi nyingi kwenye mchunga.

Naenda kuangaliwa. Hadi ninapoeleza haya, majibu yamekuwa mazuri. Daktari hasemi nimepona, anasema tuonane tena, na nimezoea kuishi hivyo. Mchunga nauweka kwenye mboga za siku kila nikiupata. Madereva kutoka bara hawaupendi. Wa huku wanauagiza.

Juzi, shughuli za mchana zilipopungua, alikuja mama mmoja ambaye namfahamu kwa sura, anauza nyanya ng'ambo ya barabara. Aliagiza chai, akaketi nayo mpaka mteja wa mwisho akaondoka. Hakuinywa. Nilikuwa naosha sahani, nikamwona anavuta kanga kifuani.

"Dada," alisema, "samahani. Naomba unishike hapa. Nataka tu kujua kama ndivyo uvimbe wako ulivyokuwa."

Nilifuta mikono nikashusha pazia la kibanda. Vidole vyangu bado havina hisia yote, kwa hiyo nilitumia kiganja. Uvimbe ulikuwepo, upande wa kulia, mdogo kuliko wangu.

"Unauma?"

"Hauumi. Ndiyo maana nikasema labda si kitu."

"Inaweza isiwe kitu. Mimi siwezi kujua. Wanaojua wako Korogwe."

"Nimalize kuuza nyanya zilizopo kwanza. Zitaoza."

Nilitoka nje, nikavuka barabara hadi kwenye meza yake, nikazibeba zote na ndoo yake, nikazimimina kwenye beseni langu. Nilimwambia nimezichukua, nitazipikia mchuzi tukirudi kutoka Korogwe. Akasimama pale akitazama beseni.

Asubuhi Hamza alibaki akiuza chai, na sisi wawili tukapanda gari la kwanza la Korogwe.